Kompyuta Mbili, Ukuta Mmoja

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko machimboni. Sisi hapa hatujambo. Baba yako ameng'olewa jino la mbele na sasa anakataa kucheka mbele za watu. Mama yako anasema hajawahi kupata utulivu kama huu tangu aolewe. Mtoto wa dada yako ameanza kutembea, ila anakwenda kinyumenyume, kwa hiyo tunamwita Rivasi.

Kabla ya yote nikucheke kidogo. Kampuni imekuajiri uwe fundi wa mitandao, kisha imekupeleka mahali ambako simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji. Ni kama kuajiri mpishi kwenye nyumba isiyo na jiko. Lakini mimi nashukuru. Ukinieleza mambo ya kompyuta kwa simu nasema ndiyo, ndiyo, na simu ikikatika nabaki na zile ndiyo peke yake. Barua naweza kuiegemeza kwenye kikombe nikaisoma huku vidole viko kwenye kibodi.

Sasa jambo lenyewe. Unalikumbuka duka letu la mihuri na mabango. Chumba cha mbele anakaa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, yule ambaye sote tunamwita Kamanda. Ana kompyuta yake ya Windows iliyounganishwa na mashine ya kukata vibandiko. Chumba cha nyuma ipo kompyuta ya Linux ya mama yako mdogo, na tangu atutoke naikalia mimi. Nachora polepole na herufi zangu zinapinda, lakini wateja wana huruma na mfiwa. Nikimaliza kazi naiweka kwenye flashi, nazunguka ukuta, nampa Kamanda. Anaichomeka, anasonya. "Shemeji, hii ni ya jana." Nazunguka tena.

Kamanda amechoka na matembezi yangu. Anasema kabla ya muhula mpya, kazi za shule zikianza kumiminika, ataleta fundi aifute kompyuta ya dada yake yote na kuweka Windows, ili humu dukani tuwe na lugha moja. Nimemwambia nitaangalia.

Je, hakuna njia Linux na Windows zikatumia folda moja bila mmoja kumfuta mwenzake? Nauliza kwa ajili ya urahisi wa kazi tu, hakuna jingine.

Dereva wa lori lenu, aliyeniletea barua yako iliyopita, aliishika kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Akaniuliza kama unapenda karanga. Nilisema nitakuuliza. Unapenda?

Baba yako mdogo

*

Tarehe 19 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, ila nimekuwa na rangi ya vumbi mpaka kope. Nimefurahi kusikia habari za Rivasi. Mwambieni baba kwamba hata asipocheka tunajua jino halipo.

Njia ipo, na wala si ngumu. Inaitwa Samba. Ni programu inayokaa kwenye Linux na kuongea na Windows kwa namna ambayo Windows inadhani inaongea na ndugu yake. Kamanda hatabadilisha kitu kwake.

Kwanza nunua kebo mbili za mtandao. Kila kompyuta ichomekwe kwenye kile kiboksi cha intaneti chenye taa za kijani. Toboa ukuta kidogo, usizunguke na kebo kupitia mlangoni, Kamanda ataikanyaga na atakulaumu wewe.

Ukishamaliza hapo, kaa kwenye Linux, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri alilopenda mama mdogo, andika: sudo apt install samba. Itakuomba neno la siri la mama mdogo. Ukiliandika hutaona hata nukta kwenye kioo. Usishtuke wala usigonge meza, inakusikia.

Tengeneza folda iitwe kazi. Kisha kwenye faili la maelekezo ya Samba, linaitwa smb.conf, mwishoni kabisa ongeza mistari hii kama ilivyo:

[kazi]
path = /home/mihuri/kazi
read only = no

Hiyo mihuri ni jina ambalo mama mdogo alijiandikisha nalo humo. Kila mtu mjini alimwita Mama Mihuri, na kompyuta nayo ikamwita hivyo. Halafu andika sudo smbpasswd -a mihuri, uipe folda neno lake la siri la kumpa Kamanda. Zima kompyuta, iwashe tena. Kamanda kwake aandike juu kwenye dirisha la mafaili \\192.168.1.20\kazi na folda itafunguka; hizo namba ni anwani ya kompyuta ya mama mdogo, nilimwekea mwenyewe. Hiyo mistari miwili ya mwanzo inalalia nyuma, kama mtu aliyeegemea kiti. Ikilalia mbele, haiendi.

Nimemaliza. Karatasi imeniishia, kwa hiyo la karanga tuliache.

Mwanao

*

Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Tumepokea barua yako na afya zetu ni njema. Rivasi sasa anatembea kinyumenyume mpaka nje, na jana aliingia nyumba ya jirani akakuta wanakula, akakaa. Baba yako amepata jino la bandia. Ni jeupe kuliko mengine yote na sasa anacheka bila sababu.

Kebo nimenunua. Ukuta nimeutoboa mwenyewe kwa nyundo na msumari mrefu. Nilitaka tundu la kidole, likatoka tundu la ngumi. Kamanda aliinama akachungulia kutoka upande wake, tukaonana jicho kwa jicho. Akasema, "Shemeji, ungevunja ukuta wote tukakaa pamoja." Kweli tundu lina faida yake. Zamani nikitaka kumwita nilipiga kelele, sasa nanong'ona.

Hatua ya pili sijaifikia, kwa sababu ya vumbi la ukuta. Nasubiri litue. Pia wiki hii palikuwa na kazi ya mihuri ya zahanati, na wiki ijayo naona kama kutakuwa na mawingu.

Nakumbuka mama yako mdogo akikaa kwenye kiti hiki aliweka mguu mmoja chini yake na mwingine unaning'inia, na kandambili imebaki sakafuni peke yake. Nimeijaribu hiyo namna ya kukaa. Nilikufa ganzi mpaka kiunoni, Kamanda akaja kunivuta.

Fundi wa Kamanda amesema anakuja mwezi wa sita.

Dereva wako ameniletea mfuko wa karanga. Hakusema ni za nani. Nimezila.

Baba yako mdogo

*

Tarehe 26 Aprili

Baba mdogo, shikamoo.

Huku tumepata mvua moja na watu wote walitoka nje kuitazama kama mgeni rasmi. Mimi mzima. Msalimie baba na jino lake.

Vumbi la ukuta halizuii mtu kuandika sudo. Mawingu ndiyo kabisa. Nimeisoma barua yako mara mbili juu ya tangi la maji na nimepata jibu: hulijui neno la siri la mama mdogo.

Sasa niambie ukweli, maana hili ni muhimu kuliko Samba. Kama hulijui, kila asubuhi unaingiaje kwenye hiyo kompyuta? Mara ya mwisho ilizimwa lini?

Na tafadhali usimwambie dereva mambo yangu.

Mwanao

*

Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Hatujambo wote. Mama yako amepanda mchicha pembeni ya choo cha nje na anautembelea kila asubuhi kama mgonjwa.

Umenikamata. Kompyuta haijazimwa tangu siku aliyotutoka. Asubuhi ile ya mwisho aliiwasha mwenyewe, akafanya kazi kidogo, akasema anapumzika. Sikuwa na sababu ya kuigusa. Baadaye nikawa na sababu ya kutoigusa, kwamba ikizima itaniuliza neno nisilolijua. Nimeinunulia betri ya akiba, kubwa, yenye kulia umeme ukikatika. Ikilia nakimbia hata kama nina sabuni mwilini.

Basi nilipopata barua yako nilikwenda chumba cha mbele nikasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Unataka flashi nyingine?" Kamanda akauliza bila kugeuka.

"Nataka neno la siri la dada yako."

Akaisimamisha mashine ya kukata. "Muda wote huu umekaa mbele ya ile kompyuta na hujui kuifungua?"

"Haijafungwa."

"Haijafungwa kivipi?"

"Sijaizima."

Alinitazama, nikadhani atanifokea. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho kwa kibandiko kilichoharibika, akasema, "Chai imepoa tena. Yote pamoja, herufi ndogo."

Mwanangu, kila siku katikati ya asubuhi nilimpelekea chai. Alisema, "Weka hapo," na macho hayatoki kwenye kioo. Nikirudi naikuta imepoa, naye anainywa hivyohivyo, anasema ni tamu. Kumbe nikiondoka alikuwa ananiandika humo.

Nililiandika neno, likakubali. Nikaweka Samba, nikaongeza mistari yako mitatu. Nikaizima kompyuta huku nimefumba macho, nikaiwasha, nikaandika tena, ikafunguka, picha ileile, kila kitu mahali pake. Kamanda kwake alilaza mistari mbele mara nne. Nilimnong'oneza kwenye tundu, "Egemea nyuma." Akaegemea yeye kwenye kiti! Mwishowe tukaelewana na folda ikatokea. Aliichungulia akasema, "Haya, shemeji, umepona miguu."

Nilidhani nitamalizia hapo barua yangu kwa shukrani, lakini jana limetokea jambo.

Nilikuwa nachora bango la saluni. Kamanda naye akataka kulifungua upande wake aone vipimo. Nikasikia kiti kinaburuzwa.

"Shemeji! Njoo! Njoo sasa hivi!"

Nilikwenda mbio. Alikuwa amesimama mbali na kompyuta yake. Kwenye kioo paliandikwa kwamba faili hili limefungwa, linafanyiwa kazi na Mama Mihuri, na kwamba ukitaka unaweza kulifungua kwa kusoma tu.

Tulisimama pale wawili. Ilinibidi niseme kitu, na nilichosema ndicho hiki: "Basi tumsubiri amalize."

Kamanda alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, na jua bado liko juu.

Nini hiki, mwanangu?

Baba yako mdogo

*

Tarehe 2 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Nimecheka, nikanyamaza, nikacheka tena. Wenzangu walio chini ya tangi waliuliza kama nimepata habari nzuri au mbaya, nikawaambia zote mbili. Mama nimemwandikia kuhusu mchicha, asiumwagilie saa za jua kali.

Hakuna ajabu hapo. Ile kompyuta inaamini anayeikalia ni Mama Mihuri, kwa sababu unaingia kwa jina lake na neno lake. Ukifungua faili, programu ya kuchorea inaweka alama mlangoni kwamba Mama Mihuri yumo. Kamanda akija kufungua lilelile, na programu yake ni ileile, anaoneshwa alama hiyo ili msiharibiane kazi. Ni adabu tu, kama kubisha hodi. Kamanda akiwa na haraka, alifungue kwa kusoma tu, achukue nakala, akate hiyo nakala.

Dawa yake ni ndogo. Jifungulie akaunti yako mwenyewe. Andika sudo adduser, acha nafasi, kisha jina unalotaka. Halafu smbpasswd -a kama mwanzo. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii namna ya kuiruhusu iingie kwenye folda ya kazi. Chagua jina la heshima, maana litamtokea Kamanda mara nyingi kwa siku.

Hii ni kazi fupi kuliko kuchemsha maji. Naomba nikipata barua yako iwe imekwisha.

Je, uliniambia kwamba dereva alikaa akanywa chai kwenu? Hukusema. Yeye ndiye aliyesema. Mlizungumza nini?

Mwanao

*

Tarehe 24 Juni

Mwanangu mpendwa,

Sote wazima. Rivasi ameanza kwenda mbele, lakini tukimwita jina hilo anakumbuka na kurudi nyuma. Dereva tulizungumza hali ya barabara. Barabara inapenda macho yako, nadhani, kwa vile alivyokuwa anaieleza.

Akaunti nitafungua. Hakuna haraka. Kwanza nikupe habari ya fundi.

Alikuja kama Kamanda alivyosema, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na mkoba wenye diski zake. Ni mtaratibu. Alisema hafuti kompyuta ya mtu kabla ya kuhifadhi kazi zote pembeni na kuhakikisha zinafunguka. Akakaa kwa Kamanda, akaingia kwenye folda yetu kupitia Samba, akaisifu. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, sikio kwenye tundu.

Nikamsikia anasema, "Tujaribu hili la zahanati." Mimi huku nikalifungua haraka. Kwake likakataa: linafanyiwa kazi na Mama Mihuri. Akasema, "Hm. Tujaribu la saluni." Nikalifungua la saluni. Mama Mihuri. "La kinyozi." Mwanangu, sijawahi kuwa na vidole vyepesi namna ile. Kipanya kililowa jasho. Kila alilogusa alimkuta mwenyewe yumo.

Kisha akauliza, "Mama Mihuri si ndiye tuliyemzika?"

"Ndiye," Kamanda akasema.

"Alinichongea muhuri wangu wa kwanza. Na kompyuta inasema yupo kazini?"

"Tangu asubuhi!" nikasema mimi kupitia tundu.

Fundi alikunja nyaya zake polepole. Nikamsikia anasema, "Mimi sifuti kompyuta ya mtu aliye kazini," na mlango ukafungwa.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa sakafuni. Kamanda hakuja kuniuliza kitu. Jioni aliniaga kupitia tundu badala ya mlangoni.

Kwa hiyo unaona akaunti mpya ingeniharibia mambo. Nafanya kazi vizuri kwenye jina hili.

Baba yako mdogo

*

Tarehe 9 Julai

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi mzima. Kazi imekuwa nyingi, mashine mbili mpya zimeletwa na hakuna anayejua kuziunganisha ila mimi, kwa hiyo kwa siku chache nimekuwa mkubwa.

Nitakuudhi kidogo, unisamehe. Fundi yule hakudanganyika. Mtu anayeingia kwenye Samba na kuisifu anajua vizuri alama ile inatoka wapi. Aliona mfiwa yuko nyuma ya ukuta anakimbizana naye faili kwa faili, akaamua kuwa muungwana. Usimhesabu kuwa umemshinda.

La pili ni Kamanda. Yule ni dada yake. Wewe umefiwa na mke, sote tumekuja kukushika mkono, tumekupikia, tumekaa nawe matangani. Yeye alirudi dukani siku ya tatu akawasha mashine. Hukuniandikia hata mara moja kwamba alilia. Sasa umemwekea jina la dada yake kwenye kioo, linamtokea akitaka kupima bango la kinyozi, na mwenzake nyuma ya ukuta anacheka. Kama ameona haya yote na bado anakuaga kwa upole, anakuvumilia, na watu wakichoka kuvumilia huita fundi mwingine asiye muungwana. Muhula umeanza. Ukitaka kompyuta ya mama mdogo ibaki, mwambie Kamanda kwa mdomo wako kwamba unataka ibaki. Hujawahi kumwambia. Hata mimi hujaniambia, uliniandikia mambo ya urahisi wa kazi.

Fungua akaunti yako. Kisha zunguka ukuta, usiongee kwenye tundu.

Kuhusu barabara na macho yangu, sina la kusema kwa sasa.

Mwanao

*

Tarehe 30 Julai

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo. Baba yako amelimeza lile jino la bandia akila. Mama yako anasubiri kwa subira na sitasema zaidi.

Barua yako niliikunja nikaiweka mfukoni, nikaitoa, nikaikunja tena. Siku ya pili nilifanya ulivyosema. Nilijifungulia akaunti. Jina la heshima nililifikiria sana, mwishowe nikajiita mzee. Nikafunga kila faili lililokuwa wazi kwenye jina la mama yako mdogo, nikaingia kwa jina langu, nikaanza bango la shule ya msingi. Nilipanga kunywa chai kwanza ndipo niende kwa Kamanda na maneno yangu.

Sikumaliza chai. Alikuja yeye. Tangu msiba alikuwa ameingia chumba cha nyuma mara moja tu, siku ile ya ganzi, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nazunguka. Alisimama mlangoni na mikono kwenye aproni.

"Dada yuko wapi?"

"Vipi, Kamanda?"

"Nimefungua la shule, kompyuta inasema anayelifanyia kazi ni mzee. Nimefungua la saluni, halina mtu. La kinyozi halina mtu. Umempeleka wapi?"

Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia nilikuwa nacheza, sikufikiri, kwamba nimejua namtia hofu. Akanikata.

"Hofu ya nini? Unadhani sijui kompyuta? Siku ile ya kwanza ndiyo nilishtuka, kesho yake nikaelewa kwamba umekaa kwenye jina lake. Shemeji, kila nikifika asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, nafungua faili lolote. Hata nisilolihitaji. Linaniambia Mama Mihuri yupo kazini. Nabonyeza kusoma tu, natazama kidogo, nafunga. Ndiyo siku yangu inaanza."

"Na fundi?"

"Fundi nilimwita kabla hujaunganisha. Kila nikipita hapa nilikuwa naona kiti na hiyo taa ya kompyuta inawaka, inawaka tu, na wewe umekikalia kama abiria. Nilitaka kiondoke chote. Alipofika nilikuwa nimeshabadili mawazo, nikaona haya kumrudisha mtu na mkoba wake. Wewe na kelele zako za tangu asubuhi ndio mliniokoa. Nilimfuata nje nikamwambia asirudi, akasema alishajua."

Basi nikalitoa lile uliloniagiza. Nikasema, "Mimi naitaka kompyuta hii ibaki." Akasema, "Sasa nani amekukataza?" Kisha akaona mguu wangu mmoja umekunjwa chini yangu kitini, akanivuta kabla sijafa ganzi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa tumepanga hivi. Asubuhi nafika kwanza. Naingia kwa jina la mama yako mdogo, chai imepoa tena, nafungua faili moja, yoyote ile. Silifungi. Nabadilisha mtumiaji, naingia kwa jina langu, na lile lake linabaki wazi huko nyuma. Kamanda akifika analitafuta. Wakati mwingine analipata haraka, wakati mwingine namficha kwenye kazi za mwaka juzi na nasikia anasonya ukutani, "Shemeji, mbona umempeleka mbali?" Akimpata, mashine inaanza kukata.

Dereva amenieleza mambo yenu yote, mwanangu, tangu ile siku ya karanga. Nilijifanya sijui ili usiache kuniandikia kwa hasira. Nimemwambia aje na wazazi wake, asije na lori.

Kuna mteja mmoja mkali, mwalimu mkuu wa shule ile ya msingi. Juzi nilichelewa kwa daktari wa macho, na asubuhi nilikuwa nimefungua faili lake bila kuangalia ni la nani. Narudi namkuta mwalimu amesimama kaunta, anagonga kidole, anataka kujua kwa nini bango lake halijakatwa. Kamanda amekaa kitini ametulia, mikono mapajani, mashine imezimwa. Alikuwa anajua namna ya kuchukua nakala na kulikata. Ulimfundisha mwenyewe kwenye barua yako.

"Subiri kidogo, mwalimu," alikuwa anamwambia. "Faili bado analo dada."

Baba yako mdogo